Karo

Mlinzi anaitwa Thembo, ana funguo mbili
na mmoja haufungui kitu tena.
"Ni wa mlango uliokwenda na mto," anasema,
na bado anaubeba.

Tunaingia kwa kuinama. Nyamwamba ulipokasirika
uliacha humu mawe makubwa kama mbuzi waliolala.
Yameondolewa, si yote. Bati limetoboka
na jua linadondoka sakafuni kama chenji.

Makaro kumi na mawili, sita huku, sita kule,
saruji ya wakati wa Gavana,
kila moja na namba iliyochorwa kwa msumari
kabla halijakauka. Ukutani rangi nyeusi ingali inaamuru:
WAKE WA VIBARUA MWISHO SAA NNE.
NI MARUFUKU KUIMBA.

Nacheka. Mama hakujua kusoma,
kwa hiyo hilo la pili halikumhusu.
Waliimba: Mkonzo, Mlugbara, Mkiga,
na yule mke wa mpasua miamba, Nyirabagenzi,
kila mtu kwa lugha ya kwao, na Kiswahili
kikipita katikati yao kama kipande cha sabuni,
mkono hadi mkono, kikipungua, kikinukia.

Namba saba ndilo lake.
Ukingo umelika pale viwiko vilipokaa,
vishimo viwili, laini kama ndani ya kijiko.
Viwiko vyangu haviingii.
Alikuwa mdogo kuliko ninavyomkumbuka.

Ovaroli za mgodini zilitoa maji ya kijani,
kijani cha shaba, kikamwingia hata kwenye kucha.
Jumapili, kanisani, alificha mikono chini ya leso.
Senti ngapi kwa ovaroli moja, sijui.
Najua zilitosha. Najua mwalimu hakunifukuza.
Karo na karo: neno moja lilimtosha.
Hapa alifua, kule akalipa,
na mimi nikakaa darasani kuhesabu kwa Kiingereza
vitu ambavyo yeye alivihesabu kwa mgongo.

Thembo anataka nione bomba.
La kwanza katika bonde zima, anasema, andika hilo.
Siandiki. Nawaza ovaroli moja.

Baba alipobaki chini
(nilikuwa sijaota meno ya pili)
walituletea nguo kabla ya kutuletea mwili.
Karani alisimama mlangoni na daftari:
nguo ni mali ya kampuni, irudi safi,
la sivyo itakatwa kwenye rambirambi.

Mama akaja hapa. Haikuwa zamu yake.
Wakampisha namba saba, kisha wakafunga mabomba yao,
wote, ili maji yake yawe na nguvu.
Yalitoka kijani.
Yakatoka rangi nyingine.
Yakatoka meupe, naye akaendelea kufikicha.
Hakuna aliyeimba. Siku ile peke yake
amri ya ukutani ilitiiwa.

Alirudisha ovaroli imekunjwa, kola imenyooka.
Karani akahesabu vifungo kwa ncha ya kalamu:
vitano. Vilitakiwa sita.
Akaandika, akakata, mama akatia dole gumba.

Cha sita ninacho. Nimekuja nacho mfukoni,
bati jeusi, matundu manne, uzi mmoja haujatoka.
Sikuja kukirudisha.
Nilitaka tu kukiosha, mara moja, katika karo lake.

Thembo anazungusha bomba kwa mikono miwili.
Linakohoa. Linakohoa tena, linatema kutu
na buibui mmoja aliyeudhika.
Tunasubiri kwa adabu, kama watu mbele ya mgonjwa.

"Mtoni," ananiambia hatimaye,
akitikisa ule ufunguo wa mlango usiokuwepo.
"Maji yote yako mtoni."